Wiki sita nalaumu kabureta za 240Z, kumbe ni kawaya ka ndani ya distributa

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana najua kuna mtu mahali ana gari ya zamani inamfanyia hivihivi na ameshaambiwa na watu kumi kwamba ni kabureta. Datsun 240Z yangu ya 1972 ilikuwa inawaka vizuri, inatulia silensa (injini ikizunguka yenyewe bila kukanyaga mafuta) vizuri kabisa, ukiikanyaga mafuta mpaka chini inaondoka kama inakimbizwa, ila ukishikilia mguu katikati, ule mguu mwepesi wa kutembea taratibu kwenye barabara tambarare, inakata. Sio kumisi, inakata kabisa kama mtu kazima swichi, afu ukiachia pedeli inarudi kwa kishindo na mlipuko mkubwa kwenye ekzosi. Ukikanyaga kwa nguvu inaenda. Ukilegeza katikati inakata tena. Na ilikuwa mbaya zaidi injini ikishapata moto, asubuhi ikiwa baridi unaweza kwenda dakika kumi bila shida ukaanza kujiambia imepona.

Kila niliyemwelezea alinijibu kabla sijamaliza sentensi. Kabureta hiyo. Jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta, zimeziba, hewa inaingia nyingi, mafuta hayafiki. Na mimi nilikubali kwa sababu kwa masikio ilisikika hivyo kabisa, gari inanyimwa mafuta pale katikati. Nimeandika haya yote ili mwenye gari kama yangu asipoteze wiki sita nilizopoteza mimi.

Kwa wasioijua, hii gari ilitoka Japani mwishoni mwa 1969, kwao ikiitwa Fairlady Z, nje ikauzwa kwa jina la 240Z mpaka 260Z ilipokuja kuchukua nafasi yake. Injini yake inaitwa L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2,393, bloku ya chuma, hedi ya aluminiamu, kamshafti moja juu inayozungushwa na cheni. Ndo gari iliyoshinda Safari Rally 1971 na ikarudia 1973, imepita kwenye mawe na matope ambayo magari mengi ya spoti yasingethubutu, na ukifungua boneti unaelewa kwa nini watu waliweza kuitengeneza porini wakaendelea. Kila kitu unakiona. Kabureta mbili zimekaa ubavuni moja mbele moja nyuma, kila moja inalisha silinda tatu, pampu ya mafuta ni ya mekanika imefungwa kwenye hedi yenyewe inasukumwa na kamshafti, na mkono wako unaingia kila mahali bila kuchunika. Hakuna kompyuta wala sensa. Ndo maana naipenda na ndo maana naitengeneza mwenyewe, nataka nikiwa naendesha nikisikia sauti nijue ni ya nini, na hilo hulipati ukiwa unaipeleka na kuichukua tu.

Basi nikaanza na kabureta. Zile za gari yangu ni Hitachi zenye kofia ya mviringo, zimejengwa kwa mtindo wa SU za Uingereza, na ukishazielewa ni kitu kizuri sana jinsi kilivyofikiriwa. Ndani kuna pistoni inayopanda na kushuka kwenye kofia, inanyanyuliwa na mvuto wa hewa wa injini, na chini ya pistoni kuna sindano nyembamba imechongwa inapungua unene kuelekea ncha, sindano inakaa ndani ya jeti. Injini ikivuta hewa nyingi pistoni inapanda, sindano inatoka kwenye jeti, nafasi inakuwa kubwa, mafuta yanaongezeka. Hewa ikipungua inashuka. Yaani kabureta inajipimia yenyewe. Juu ya kofia kuna kafimbo kenye oili, kazi yake ni kuizuia pistoni isipande kwa pupa ukikanyaga ghafla ili kwa sekunde ile mafuta yawe mengi kidogo kuliko hewa. Watu wengi wanasahau ile oili, inaisha, halafu wanashangaa gari inasita ukikanyaga.

Kabla hata hujazifungua nisikilize kwenye hili la skrubu. Gari za Japani za miaka ile skrubu zake za msalaba sio sawa na zile za kawaida za msalaba, zinafanana kwa macho tu. Bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini, ukizungusha kwa nguvu inapanda na kuruka na inakula kichwa cha skrubu. Kuna bisibisi za kiwango cha Japani, JIS, ncha yake ni butu kidogo na inazama vizuri, na skrubu nyingi za kiwango hicho zina kidoti kidogo pembeni ya msalaba, ukikiona jua. Nilipopata ile bisibisi skrubu ambazo nilikuwa nimeshaamini zimegandana na aluminiamu milele zilifunguka kwa mkono mmoja. Nilikaa nikaiangalia ile bisibisi kwa muda.

Nikatoa kofia, na kila kofia nikaiweka na pistoni yake kwenye sahani yake, maana zimechongwa kwa pamoja, kofia ya mbele ukiivalisha pistoni ya nyuma zinaweza kukwaruzana au kupitisha hewa. Hapa usitumie msasa hata ule laini kabisa, kitambaa na spreyi ya kabureta basi. Ukishamaliza unanyanyua pistoni kwa kidole, kafimbo ka oili kakiwa kametolewa, unaachia, inatakiwa ianguke yenyewe mpaka chini na kugonga tak. Ya mbele iligonga. Ya nyuma ikaanguka nusu ikakwama, nikajiambia haya tumempata mwizi. Jeti yake ilikuwa imekaa upande, sindano ilikuwa inasugua. Nikailegeza nati inayoshika jeti, nikaiacha ijipange yenyewe katikati pistoni ikiwa chini, nikakaza taratibu, nikajaribu tena. Tak.

Nikapima kimo cha mafuta kwenye bakuli zote mbili, nikabadilisha vali za boya, nikabadilisha gasketi kati ya kabureta na manifoldi, nikabadilisha mipira yote ya mafuta mpaka kwenye chujio. Nikasawazisha kabureta kwa ule mtindo wa zamani wa kuweka kipande cha mpira sikioni na ncha nyingine mdomoni mwa kabureta, unasikiliza mvumo wa hewa wa mbele, unasikiliza wa nyuma, unarekebisha mpaka milio miwili inakuwa mmoja. Ile kazi naipenda mno, usiku ukiwa umetulia unasikia kabisa zile sauti mbili zinasogeleana.

Silensa ikawa tamu kuliko ilivyowahi kuwa tangu niipate hii gari. Nikatoka nayo. Nikaweka mguu katikati.

Ikakata.

Sasa hapo nikafanya kitu ambacho nakisema waziwazi ili usikifanye. Nikaanza kuongeza mafuta. Nati za jeti chini ya kabureta kwenye hizi gari kitabu cha fundi kinakwambia uanzie mizunguko miwili na nusu kutoka juu, mimi nikaenda tatu, nikaenda tatu na nusu, nikaenda nne. Kila nikiongeza najidanganya kwamba imepungua kidogo, kwa sababu siku moja kuna baridi siku nyingine kuna joto na ugonjwa wenyewe ulikuwa unakuja na kuondoka. Plagi zikawa nyeusi kama zimepakwa masizi, gari ikawa inanuka petroli mpaka nguo. Na nilikuwa nimeshafanya jaribio moja ambalo lingetosha kuniokoa, siku moja ikiwa inakata nilivuta choki. Choki kwenye hizi kabureta inashusha jeti, kwa hiyo mafuta yanaongezeka papo hapo. Kama gari ingekuwa inakosa mafuta, kuvuta choki kungeisaidia hata kidogo. Haikubadilika chochote. Nililiona hilo kwa macho yangu nikalipita, kwa sababu kichwani nilishaamua ni kabureta.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu, na wala hajui habari za injini. Alikaa kiti cha pembeni nikiwa naijaribu Jumapili jioni, gari ikakata, ikalipuka ekzosi, ikakata, na yeye akanyoosha kidole kwenye dashibodi akasema, "Kaka, mbona huu mshale unaanguka?"

Nikamuuliza mshale gani. "Huu wa RPM. Ikizima unaanguka mpaka sifuri, halafu unaruka juu."

Nikamwambia injini ikizima lazima uanguke. Akasema, "Lakini gari bado inatembea." Nikaegesha pembeni nikazima kabisa, maana hiyo sentensi ilikuwa na kitu ndani yake na nilitaka kukifikiria nikiwa nimetulia.

Fikiria pamoja nami. Gari iko gia ya nne, klachi imeshika, matairi yanazunguka, kwa hiyo injini nayo inazungushwa hata kama haina moto wala mafuta. Mshale wa RPM kwenye 240Z za miaka hii haupimi mzunguko wa injini moja kwa moja, unapima umeme unaoenda kwenye koili, kile kifaa kinachokuza umeme wa plagi, ule waya wa kupeleka umeme kwenye koili unapita kwanza nyuma ya geji. Ndani ya distributa, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, kuna pointi, yaani kaswichi kanakokata na kuunga umeme wa koili, na kila pointi zikifunga na kufungua geji inahesabu. Sasa kama tatizo lingekuwa mafuta, pointi zingeendelea kufunga na kufungua kama kawaida kwa sababu injini inazunguka, na mshale ungebaki pale kwenye elfu mbili na kitu, ungeshuka taratibu tu kadiri gari inavyopunguza mwendo. Ila mshale ulikuwa unaanguka mara moja mpaka sifuri huku gari ikitembea. Maana yake umeme wa koili ulikuwa unakatika. Hakuna kabureta duniani inayoweza kuufanya mshale ule uanguke hivyo.

Na ule mlipuko kwenye ekzosi, nilikuwa nauona kama kelele tu, kumbe nao ulikuwa unasema. Kama kabureta zilikuwa zinanyima mafuta, kilikuwa kinalipuka nini huko nyuma? Mafuta yalikuwepo tele, yanaingia silinda hayachomwi kwa kuwa hakuna moto wa plagi, yanatoka mabichi mpaka kwenye bomba la moto, moto ukirudi yanawaka hukohuko.

Lakini kwa nini mguu wa katikati tu? Hilo ndo lilinikosesha usingizi usiku ule, maana waya mbovu wa kawaida hauchagui mguu. Nikalala nikaamka nikiwa na jibu la mguu wa katikati, vakyumu, yaani ule mvuto wa hewa wa injini. Pembeni ya distributa kuna kisahani chenye utando wa mpira ndani, kimeunganishwa kwa kapira kembamba na kabureta. Ukiwa silensa, kile kitundu cha kwenye kabureta kinakuwa bado hakijapata mvuto, kipepeo, kile kifuniko cha hewa kinachofunguliwa na pedeli, kimefunga. Ukifungua mafuta kidogo tu, mvuto unakifikia, utando unavutwa, na utando unavuta sahani inayobeba pointi ndani ya distributa, sahani inazunguka kidogo ili moto uje mapema, hiyo ndo kazi yake, inasaidia kubana matumizi ya mafuta ukiwa unatembea bila haraka. Ukikanyaga mpaka chini mvuto unapotea na sahani inarudi ilikotoka. Kwa hiyo silensa sahani haijasogea. Mguu mzito sahani haijasogea. Mguu wa katikati peke yake ndo unaoisogeza.

Asubuhi kabla ya kuchomoa hata skrubu moja nikachomoa kale kapira ka vakyumu, nikakaziba upande wa kabureta kwa bolti ndogo ili hewa isiingie, nikatoka na gari. Mguu katikati. Nikasubiri. Ikaenda. Nikazunguka nusu saa na mguu uleule mwepesi, ikiwa na moto kabisa, haikukata hata mara moja. Gari ilikuwa nzito kidogo kwa kuwa moto wa mapema haupo, ila haikukata. Wiki sita, na jaribio lenyewe ni kuchomoa mpira mmoja kwa vidole bila spana.

Nikaizima, nikaiacha ipoe, nikachomoa betri, nikafungua klipu mbili za kifuniko cha distributa, nikatoa rota. Nikazungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya krankshafti mpaka pointi zikawa zimefunga, plagi nimeshazitoa zote ili izunguke kwa wepesi. Nikaweka mita kwenye kupima ukinzani, ncha moja kwenye kile kichwa cha nje ya distributa ambako waya wa kutoka kwenye koili unafungwa, ncha nyingine kwenye mkono wa pointi zenyewe. Mita ikasoma karibu na sifuri, safi. Halafu nikavalisha kipande kipya cha mpira kwenye kisahani cha vakyumu nikavuta hewa kwa mdomo. Tumia kipande kipya, usivute kwa ule wa gari, ule umekaa unanusa petroli miaka na miaka. Sahani ikasogea, na namba kwenye mita ikapotea. Nikaachia, ikarudi. Nikavuta, ikapotea. Nilirudia labda mara kumi na tano, sio kwa sababu nilikuwa na shaka.

Kati ya kile kichwa cha nje na pointi kuna kawaya, urefu wake haufiki hata kidole changu cha kati. Kwa macho kalikuwa kazima, ngozi yake haijapasuka, haijaungua, hakuna kutu, ndo maana hata ningefungua distributa siku ya kwanza ningekapita. Nikakashika kwa plaia ndogo pande mbili nikavuta pole, na ngozi ikarefuka kama mpira wa manati. Shaba ya ndani ilishakatika, ncha mbili zilikuwa zinagusana tu kwa kubahatisha ndani ya ngozi. Sahani ikikaa zinagusana, sahani ikisogea milimita chache zinaachana. Joto likiongezeka ngozi inalainika na zinaachana kirahisi zaidi, ndo maana asubuhi ilikuwa nzima. Nilipoichana ngozi kwa wembe nikaona ni waya wa kawaida tu wenye nyuzi chache nene, sio ule laini wenye nyuzi nyingi nyembamba kama nywele unaotakiwa kukaa pale. Mtu aliyeitengeneza kabla yangu alitumia alichokuwa nacho. Pale waya unakunjwa na kukunjuliwa kila mara dereva akigusa mafuta, maelfu kwa maelfu ya mara, waya mgumu hauwezi kuvumilia.

Nikatafuta waya laini, nyuzi nyingi, ngozi inayostahimili joto, nikapiga solda kwenye vituo vyake vya shaba. Solda isipande juu ya waya, kwa sababu pale inapopanda waya unakuwa mgumu kama msumari na mkunjo wote unakwenda kukaa mwisho wa ule ugumu, utakatika hapohapo tena. Kiasi kidogo tu kwenye kituo, halafu kakipande ka mpira wa kusinyaa kwa joto ka kushikilia. Urefu nao una kipimo chake, uwe na ulegevu wa kutosha sahani ikienda mpaka mwisho waya usivutike, ila usiwe mrefu mpaka ukafika kwenye kamu ya katikati inayozunguka, ukisuguliwa pale utachubuka na kupiga shoti. Nilivalisha, nikavuta vakyumu kwa mdomo, nikaangalia kwa tochi waya unavyojikunja, nikatoa, nikapunguza milimita tatu, nikarudisha. Na kwa kuwa nilishafika pale nikabadilisha na ule waya mwingine wa kuunganisha sahani na bodi ya distributa, wa hasi, maana nao unaishi maisha yaleyale.

Pointi mpya na kondensa mpya, kale kakopo kanakopunguza cheche kwenye pointi, nikaweka palepale. Nafasi ya pointi kwa hii distributa ni kati ya milimita 0.45 na 0.55, nikazungusha injini mpaka kile kikanyagio cha pointi kikakaa juu kabisa ya nundu ya kamu, kuna nundu sita, nikaweka fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya 0.50, ikapita ikiwa inashikwa kidogo. Ukimaliza pitisha kipande cha karatasi safi katikati ya pointi, fila geji karibu zote zina utando wa oili na utando huo ukibaki pale pointi zinaungua mapema. Grisi kidogo sana kwenye kamu. Ukigusa pointi umegusa taimingi, yaani wakati ambao plagi inatoa moto, hivyo lazima ufunge taa ya taimingi uangalie alama kwenye puli upya, na mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa na kuzibwa wakati wa kupima.

Tapeti, yaani nafasi za vali, nilizipima pia siku hiyohiyo kwa kuwa injini ilikuwa baridi na plagi ziko nje, milimita 0.20 za kuingizia na 0.25 za kutolea, mbili zilikuwa zimebana nikazirekebisha. Hazikuhusika na ugonjwa.

Jioni nikarudisha mpira wa vakyumu kwenye kabureta. Mdogo wangu akakaa pembeni, safari hii macho kwenye mshale tangu tunaondoka. Gia ya nne, mguu mwepesi. Mshale ukapanda mpaka 2,200 ukakaa pale umetulia kama umechorwa. Nikalegeza, ukashuka nao taratibu. Nikaongeza kidogo, ukapanda nao. "Haujaanguka," akasema, na baada ya kilomita chache akasema tena, na mimi nilikuwa namwacha aseme. Ile sauti ya silinda sita ikipumua bila kukatika, kabureta zote mbili zikivuta kwa pamoja, nilikuwa nimeisahau kabisa ilivyo.

Kilichobaki ni kufuta makosa niliyoyajenga juu ya gari nikitibu ugonjwa ambao haukuwepo. Nati za jeti zimerudi mizunguko miwili na nusu, kutoka kule nne nilikozipeleka. Nimeweka plagi mpya, NGK BP6ES, pengo milimita 0.8, nimeendesha kama kilomita mia moja na hamsini, nikazitoa zote sita nikazipanga kwenye gazeti kwa namba. Tano zina ile rangi ya kahawia ya biskuti ninayoitaka. Nimeanza pia daftari, kila nikigusa kitu naandika tarehe, nilikikuta wapi na nimekiacha wapi, na sigusi cha pili kabla sijaendesha na cha kwanza.

Plagi ya silinda ya 4 ndo bado ina weusi kuliko wenzake. Inalishwa na kabureta ya nyuma pamoja na ya 5 na ya 6, na hizo mbili ni safi. Jumamosi nautoa waya wake wa plagi niupime na mita, halafu naangalia kituo chake ndani ya kifuniko cha distributa.